Cheti cha Nyasi Kitolewe Shambani, Si Kwenye Lori

Mimi ni karani tu katika afisi ya kilimo. Si Bwana Shamba wala si daktari wa mifugo, na sitaki mtu anidhanie kuwa mtaalamu. Nilisomea ualimu, nikafundisha miaka michache katika shule ya msingi, kisha nikapata kazi hii ya kuandika. Kazi yangu ni madaftari, hati za mizigo na barua. Lakini karani huona mambo fulani ambayo wakubwa wake hawayaoni upesi, kwa sababu kila kitu kinachoingia na kutoka hupita chini ya kalamu yake. Leo nataka kusema neno juu ya nyasi kavu tunazonunua na kuuza kwa marobota, na juu ya magugu yanayosafiri ndani yake bila kulipa nauli.

Wote tunaukumbuka ule ukame. Tangu mwisho wa mwaka wa 2020 hadi mwisho wa mwaka wa 2022, misimu mitano ya mvua ilipita pasipo mvua ya kutosha katika sehemu kavu za nchi yetu. Ng'ombe walianguka njiani wakienda kisimani. Wenye pesa walinunua nyasi kutoka mbali, na wasio na pesa walingojea msaada. Hapa kwetu malori yalianza kufika, na kila lori lililofika mimi ndimi niliyeliandika: tarehe, nambari ya lori, jina la dereva, idadi ya marobota, uzito, na kama nyasi ni kavu au zimeota ukungu. Nikipata robota lenye ukungu nilikuwa mkali, nalikataa. Nilijiona karani hodari. Kisha natia sahihi na kupiga mhuri, na marobota yanagawiwa.

Mvua ikaja mwaka wa 2023. Katika mwezi wa Juni alifika afisini mama mmoja, ambaye mtoto wake nilimfundisha zamani. Alikuwa amebeba kitu kimefungwa katika gazeti.

"Hujambo, mwalimu?"

"Sijambo, mama. Habari za nyumbani?"

"Nyumbani ni wazima. Lakini nimekuja kukuuliza, haya majani ni ya nini? Yameota chini ya ule mti tulipokuwa tukifungulia nyasi zenu. Mbuzi wanayapita tu. Ng'ombe wangu mmoja aliyala alipokosa mengine, na maziwa yakawa machungu, watoto wakayakataa."

Akafungua gazeti. Nilitazama lile jani lililokatika-katika na vile viua vyeupe vidogo, nikajua nimeliona jambo hili katika picha iliyobandikwa ukutani nyuma ya kiti changu, ambayo nilikuwa nikiipa mgongo kila siku kwa muda wa miaka miwili. Lilikuwa ni lile gugu ambalo wataalamu huliita Parthenium, na wenzetu wa Arusha, ambako lilitambuliwa mwaka wa 2010, huliita gugu karoti.

Jioni ile nilikwenda naye. Tulipita katika maboma matatu, na katika kila boma gugu lilikuwa limeota mahali palepale: chini ya mti, au kando ya zizi, palipokatwa kamba za marobota. Siwezi kuapa mahakamani kwamba lilikuja na nyasi. Mbegu hizi huja pia na magurudumu ya malori, na maji ya mafuriko, hata na tope la viatu. Lakini lingekuja kwa magurudumu tungeliona barabarani, na barabarani hapakuwa na hata mche mmoja. Niliporudi afisini nilifungua daftari la mwaka wa 2022. Sahihi yangu ilikuwa pale, na mhuri umetulia vizuri. Safu zilikuwa saba, wala hapakuwa na safu moja iliyouliza: nyasi hizi zimetoka shamba gani, na katika shamba hilo kulikuwa na magugu gani?

Hili ndilo ninalotaka tulijadili. Lakini kwanza tulijue gugu lenyewe, maana mtu hawezi kumkamata mwizi asiyemjua sura.

Gugu karoti likiwa changa hulala chini, majani yakienea duara juu ya udongo kama sahani. Mtu akipita haraka aweza kudhani ni mche wa karoti uliopotea. Baadaye hutoa shina lililosimama, lenye vinyweleo, na lenye mifereji inayokwenda kutoka chini hadi juu. Likikomaa shina huwa gumu kama kijiti. Likipata maji mengi laweza kupita kimo cha mtu, lakini katika udongo mkavu hutoa maua likiwa halijafika hata gotini, na hapo ndipo linapotudanganya, kwa sababu tunalidharau. Maua yake ni meupe, madogo kama kichwa cha njiti ya kibiriti au kuzidi kidogo, na ukiyatazama kwa makini utaona kila ua lina pembe tano. Katika kila pembe mna mbegu moja nyeusi, ndogo sana.

Watu hulichanganya na kishona nguo. Kishona nguo kina mbegu ndefu nyeusi zinazoshika suruali; hili halishiki nguo. Wengine hulichanganya na lile gugu refu lenye harufu kali ambalo limejaa katika mashamba ya mahindi ya nyanda za juu. Lile maua yake yana rangi ya manjano na harufu yake hukaa mkononi. Lakini nawasihi msijifunze kwa kusugua majani msiyoyajua. Gugu karoti huwasha ngozi, na vumbi la maua yake huwafanya watu wengine wapige chafya na kubanwa kifua. Anayeling'oa na avae glavu, au afunge mikono kwa mifuko ya plastiki, na afunike pua kwa kitambaa.

Jambo la kutisha ni uzazi wake. Mmea mmoja uliokua vizuri waweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Na hauhitaji mwaka kufanya hivyo. Tangu kuota hadi kutoa maua waweza kuchukua wiki nne hadi sita tu. Tufanye hesabu ya darasani. Mmea mmoja umeingia katika robota ukiwa na mbegu 10,000. Tuseme kwamba katika kila mbegu 100 ni moja tu iliyopata bahati ya kuota. Utapata mimea 100. Hiyo mimea 100 nayo ikizaa kama mama yake, ni mbegu 1,000,000, na bado hujamaliza mwaka. Najua mambo ya shamba hayaendi sawasawa kama hesabu za ubaoni, mbegu nyingi huliwa na wadudu na nyingine huoza, lakini mkulima aliye na akili aona hesabu hii inaelekea wapi. Tena gugu hili hutoa dawa yake mwenyewe katika udongo inayozuia mimea mingine kuota vizuri, kwa hiyo malisho hupungua kila msimu, na mahali pa nyasi huwa pao.

Gugu hili si geni katika Kenya. Asili yake ni Amerika, na tangu miaka ya 1970 lilijulikana katika mashamba ya kahawa. Kisha likaonekana njiani na mitoni mpaka Maasai Mara. Mwaka wa 2010 lilitangazwa kuwa gugu haramu chini ya ile sheria ya kuangamiza magugu mabaya, Sura ya 325. Sheria hiyo ni ya zamani, ya tangu wakati wa ukoloni, na inamwamuru mtu mwenye ardhi aondoe magugu yaliyotangazwa. Ni sheria nzuri, lakini maoni yangu ni kwamba inamtazama mtu mwenye shamba peke yake. Gugu likiwa limesimama shambani twajua ni la nani. Likishakatwa, likakaushwa, likafungwa ndani ya robota pamoja na nyasi nzuri, likapanda lori usiku, ni la nani? Mwuzaji atasema aliuza nyasi. Dereva atasema alibeba marobota. Karani atasema alihesabu. Na yule mama ambaye hakuuza wala kubeba wala kuhesabu ndiye ataambiwa ang'oe.

Kuna watu watakaosema: basi tukague marobota yanapofika. Nami nilifikiri hivyo, mpaka siku moja nilipolifungua robota moja nikalitandaza juu ya turubai nyuma ya afisi ili nione. Nilikaa karibu saa nzima nikipekua robota moja la kilo 15 hivi, na mwisho sikuwa na hakika ya nilichokiona. Majani yakishakauka yamevunjika, rangi ni moja, na mbegu ndogo zimeanguka kati ya mabua. Lori moja lina marobota 300 au 400. Nani atayafungua? Na akiyafungua, nani atayafunga tena? Ukaguzi wa namna hiyo ni wa kujidanganya. Magugu huonekana shambani, yakiwa yamesimama na rangi zao na maua yao, kabla ya mashine kupita. Baada ya hapo huwa ni siri.

Tena ziangalieni siku zenyewe. Nyasi za Rhodes, ambazo ndizo wengi wetu tunazikata kwa kuuza, hukatwa zinapoanza kutoa maua, na shamba jipya huchukua miezi kadhaa kufika hapo. Gugu karoti lililoota pamoja nazo limekwisha kuzaa zamani. Kwa hiyo mkulima anayesubiri nyasi zake zikomae vizuri, naye hana neno baya moyoni mwake, anawasubiri pia maadui wakomae. Siku nzuri ya kukata nyasi ni siku nzuri ya kuvuna mbegu za magugu. Ndiyo sababu nasema shamba litazamwe mara mbili: mara moja likiwa changa, ili magugu yang'olewe kabla hayajatoa maua, na mara ya pili katika zile siku chache kabla ya kukata.

Jambo hili si ndoto yangu. Huko Marekani, katika majimbo ya magharibi, tangu miaka ya 1990 watu wameweka utaratibu wa nyasi zenye cheti. Kisa chao kilikuwa cha farasi. Watu walikuwa wakienda milimani kuwinda na kutembea katika misitu ya serikali, wakichukua farasi na nyasi za kuwalisha, na magugu mabaya yakaanza kuota katika misitu mahali walipopiga kambi. Sasa katika misitu mingi ya huko mtu haruhusiwi kuingiza nyasi zisizo na cheti. Mkaguzi huenda shambani katika siku 10 kabla ya kukata, hutembea kando kando na kati, hutazama hata mahali nyasi zitakapowekwa, na akiridhika marobota hufungwa kwa kamba ya rangi maalum au hutiwa alama, ili mtu akiyaona mbali ajue. Na tusikilize vizuri maana ya cheti chao. Hakisemi kwamba shamba halina gugu lolote duniani. Kinasema kwamba yale magugu yaliyoandikwa katika orodha hayamo katika nyasi yakiwa na mbegu, wala sehemu yake inayoweza kuota. Hilo ni jambo linalowezekana kwa mkulima wa kawaida. Kama tungedai shamba lisilo na gugu hata moja, hata mimi nisingethubutu kulima kiunga changu.

Australia nako walijifunza kwa njia ngumu. Mwaka wa 1960 katika jimbo la Queensland zililetwa mbegu za nyasi za malisho kutoka Texas, na ndani yake mlikuwa na mbegu za gugu hilihili. Walikuwa wakitaka malisho bora. Mpaka leo wafugaji wa huko wanahangaika nalo, na wamelazimika kuosha magari na mashine kabla ya kutoka sehemu moja kwenda nyingine.

Lakini kwa nini niende Australia, na Baringo ni hapa karibu? Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulipandwa huko ule mti tunaouita mathenge, kwa nia njema kabisa ya kuzuia mmomonyoko wa udongo na kupata kuni. Mbuzi wakapenda maganda yake, kwa kuwa ni matamu. Mbegu zikapita tumboni zikiwa nzima, zikaanguka pamoja na samadi, na kila mahali mbuzi alipolala mti ukaota. Wenyeji waliona malisho yao yakigeuka kichaka cha miiba, na mbuzi wakiharibika meno kwa yale maganda, mpaka wakaishtaki serikali, na mbuzi asiye na meno akapelekwa mahakamani awe ushahidi. Mwaka wa 2008 mathenge nao ukatangazwa kuwa gugu haramu. Ningependa kila mtu anayegawa chakula cha mifugo, mimi nikiwa wa kwanza, amkumbuke yule mbuzi. Chakula cha mnyama kinaweza kuwa ndiyo njia ya adui, hata kama kimetolewa kwa wema na kikapigwa mhuri.

Na lipo jambo lingine ambalo wengi hawalifikiri, nalo ni sumu. Mnyama akiwa malishoni hujichagulia. Lile gugu la Datura, lenye maua marefu kama tarumbeta na tunda la mviringo lililojaa miiba, ng'ombe hulipita likiwa bichi kwa sababu ya harufu na ladha yake. Lakini likikaushwa pamoja na nyasi nzuri halimwambii kitu tena, na sumu yake haitoki kwa kukauka. Ng'ombe aliyefungwa zizini, mwenye njaa, hula alichotiliwa. Kwa hiyo anayenunua nyasi bila kuuliza hanunui magugu ya kesho peke yake. Huenda ananunua ugonjwa wa leo.

Sasa nisikie wanaonipinga, maana najua wapo, na baadhi yao wananipinga kwa haki.

Wa kwanza ni mfugaji mwenye njaa mlangoni. Ananiambia, "Karani, ng'ombe anayekufa leo hangoji cheti." Kweli. Mimi mwenyewe, lori likifika kesho katika ukame kama ule, sitalirudisha. Ningekuwa mtu wa namna gani? Lakini nitafanya mambo mawili ambayo sikuyafanya mwaka wa 2022. Nitaandika shamba lilikotoka mzigo, si jina la dereva tu, na nitamwambia kila anayepokea: fungulia marobota yako mahali pamoja, papo hapo kila siku, wala usiyasambaze malishoni. Mahali hapo pakumbuke. Mvua ikinyesha, patazame kila wiki, na chochote usichokijua king'oe kabla hakijatoa maua. Endelea hivyo miaka kadhaa, kwa sababu mbegu zilizofukiwa udongoni hukaa hai kwa muda mrefu. Boma likiwa na mahali pamoja pa kutazama, mtoto wa shule anaweza kupalinda. Likiwa na ekari 50 za kutazama, hakuna awezaye.

Wa pili ni mkulima mdogo anayeuza marobota 60 kwa mwaka, anayeyafunga kwa sanduku la mbao na mikono yake. Yeye asema vyeti ni mambo ya matajiri; mkaguzi atataka nauli, na chai, na mwisho faida yote imekwenda. Huyu ananiumiza kichwa zaidi kuliko wote, kwa sababu ana haki, na kwa sababu mara nyingi nyasi zake ndizo safi kuliko za shamba kubwa. Mtu mwenye nusu ekari hulijua kila jani lake. Shamba kubwa linalokatwa kwa mashine ya kukodi, iliyotoka jana katika shamba la mtu mwingine bila kufagiwa, ndilo lenye hatari. Kwa hiyo sipendi utaratibu utakaoanza kwa kumtoza mdogo. Naona afadhali vyama vya ushirika na vikundi vya maziwa vianze vyenyewe. Watu wawili kutoka kikundi kimoja watembelee mashamba ya kikundi kingine, wala wasijikague wenyewe. Afisa wa kilimo aende nao mara ya kwanza awafundishe, na baadaye aende kwa ghafla katika mashamba machache tu, bila kupiga simu. Gharama yake ni miguu na asubuhi moja.

Wa tatu ni yule anayecheka tu. Anasema, "Cheti? Katika nchi hii? Kitauzwa Jumatatu, Jumanne kila mtu anacho." Nami nacheka pamoja naye kidogo, maana nimekaa katika kiti cha karani muda wa kutosha. Lakini tutazame cheti cha namna gani huuzika kwa urahisi. Ni kile kinachopewa mtu, kikatundikwa ukutani, kikadumu mwaka mzima. Cheti ninachokitaka hakipewi mtu. Chapewa shamba moja, kwa mkato mmoja, na huisha marobota ya mkato huo yanapokwisha. Kiandikwe idadi ya marobota, tarehe ya kutazamwa, na majina ya wale waliotembea shambani. Gugu likiota kwa mnunuzi, aweza kurudi kwa karatasi mpaka kwenye nyayo za mtu. Mwongo aweza bado kudanganya, lakini itambidi adanganye upya kila mkato, akiwa na majirani wawili wa kudanganya pamoja naye.

Juu ya kutembea shambani nina machache ya kusema niliyoyajifunza nikifuatana na maafisa. Usitazame katikati peke yake, ambako nyasi ni nzito na magugu hayapati nafasi. Tazama langoni, mahali trekta inapogeukia, kando ya mfereji, palipokuwa na lundo la samadi, na chini ya ua ambako upepo hukusanya takataka. Ukiona gugu kabla ya maua, ling'oe na mizizi baada ya mvua, udongo ukiwa laini. Ukiliona lina maua, usilitikise. Litie katika gunia hapo hapo na ulichome. Sehemu iliyochafuka sana usiikate kabisa pamoja na nyingine, hata kama roho inakuuma kuacha marobota 20. Na mashine, yako au ya kukodi, ifagiwe kabla ya kuingia na kabla ya kutoka. Hata turubai la lori likung'utwe.

Jina nalo ni taabu. Nilipoanza kuuliza, mtu mmoja aliniandikia katika fomu kwamba shambani mwake mna "maua meupe". Mwingine akaandika jina la kikwao, na jirani yake mwenye lugha nyingine hulitumia jina hilo hilo kwa mmea wa dawa. Kwa hiyo msilete majina, leteni mmea. Ulaze kati ya kurasa za gazeti, mzizi, jani na ua, uweke kitu kizito juu, na kwa siku chache utakauka ukiwa umenyooka. Nilikuwa nikiwafanyisha hivyo watoto wa darasa la sita, na nawaambia kweli, kabla ya muhula kwisha walikuwa wakiwasahihisha baba zao. Kama walimu wenzangu wa zamani wangelichukua jambo hili kuwa kazi ya Ijumaa alasiri, tungepata wakaguzi wengi kuliko mishahara ya kuwalipa.

Wanunuzi pia wana sehemu yao, na hapa nitasema waziwazi. Mnunuzi akiuliza bei peke yake, mwuzaji atashughulikia bei peke yake. Anayeng'oa magugu mara mbili kwa msimu ametoa jasho, na robota lake likiuzwa bei moja na la mtu aliyelala, msimu ujao naye atalala. Shilingi chache za ziada kwa robota lenye cheti ni kidogo kuliko kuajiri vibarua wa kung'oa magugu miaka mitano. Yule mama aliyekuja na gazeti amekwisha fanya hesabu hiyo. Mwaka jana alikataa nyasi za bei nafuu, akamwuliza mwuzaji, "Shamba lako lina nini?" Mwuzaji alikasirika, akaondoka. Wiki iliyofuata alirudi na kusema, njoo uone.

Mimi nimepiga mstari wa kalamu katika daftari langu, nikafanya safu ya nane: "Shamba ilikotoka, na nani alilitazama." Si amri ya serikali, ni mstari wangu tu, na mkubwa wangu alipouona hakusema neno, akatia sahihi chini yake. Mpaka sasa nafasi nyingi katika safu hiyo ni tupu. Mkulima yeyote wa sehemu yetu anayetaka shamba lake litazamwe kabla ya kukata na aje afisini wiki mbili mbele, siku yoyote ya kazi asubuhi, aniambie ekari ngapi na siku gani mashine imeagizwa. Asiposubiri mpaka trekta imefika langoni, tutapata watu wa kutembea naye.